Mashine ya MIG Inapogoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Mafundi wa Tanga

Ukipita Ngamiani asubuhi, mlio unaousikia kwenye karakana si wa mashine za kuchomelea kwa fimbo peke yake tena. Za fimbo bado zipo, nyingi zimesukwa hapa hapa mjini kwa waya wa shaba na mabati ya transfoma, na bado zinalisha familia. Kando yake zimeingia MIG ndogo za inveta, zile zinazosukuma waya zenyewe unapobonyeza tochi. Zinachomelea bomba jembamba bila kulitoboa, ukitumia gesi hazina gamba la kugonga, na kijana akielekezwa vizuri anazizoea ndani ya wiki chache.

Ila zina njia ndefu. Fimbo ikileta shida unaitupa, unashika nyingine. MIG ina koili ya waya, rola za kuusukuma, laina unamopita, tipu unapotokea, nozeli inayotoa gesi, gesi yenyewe, na ethi, ile kebo yenye kibanio kinachoshika kazi, na kimoja kikikorofisha, mashine nzima inaonekana imekufa. Nyingi zinazofikishwa mezani kwangu kwa maelezo kwamba zimeungua bodi huwa ni nzima. Kwa hiyo majibu mengi hapa chini yanaanzia mahali pamoja: kabla ya kufungua boksi, fuata njia ya waya kwa mkono na kwa jicho, toka koili mpaka ncha ya tochi.

Waya unatoka kwa kushtuka-shtuka, mara unakuja mara unasimama. Nianzie wapi?

Fungua mlango wa pembeni, bonyeza tochi, tazama rola. Kama hazizunguki kabisa, nenda kwenye swali la "nabonyeza, kimya" huko chini. Kama zinazunguka lakini zinateleza juu ya waya, kuna kitu kinauzuia waya mbele, au mkandamizo wa rola umelegea. Wengi wakifika hapo hukimbilia kukaza skrubu ya mkandamizo. Usikaze kwanza. Tafuta kinachozuia.

Toa nozeli, toa tipu, nyoosha kebo ya tochi sakafuni isiwe na kona, kisha bonyeza tena. Waya ukimiminika vizuri bila tipu, basi mchawi ni tipu: tundu lake limeziba kwa matone ya chuma, au limeliwa likawa la umbo la yai, au waya wako ni wa milimita 0.9 na tipu uliyofunga ni ya 0.8. Namba imegongwa ubavuni mwa tipu, isome. Tipu ni kitu cha kutumika na kutupwa, kama jiwe la grainda. Kuizibua kwa sindano mara ya tano ni kupoteza siku ya kazi.

Waya ukiendelea kukwama hata bila tipu, inua mkono wa rola uuachie, kisha uvute kwa plaizi kutokea upande wa tochi. Unatakiwa uje kwa ulaini. Ukija kwa kukwaruza, laina ni chafu au imevunjika mahali. Laina ni ile springi ndefu iliyomo ndani ya kebo, na ndani yake hukusanyika unga wa shaba unaobanduka kwenye waya pamoja na vumbi letu la karakana. Toa waya wote, puliza upepo wa kompresa. Mimi napuliza kila ninapobadilisha koili, hata kama hakuna aliyelalamika. Usitie oili wala grisi: mafuta hugeuza vumbi kuwa tope, na yanasafiri na waya hadi kwenye mshono. Laina isiyozibuka ibadilishe, na ukate mpya kwa kipimo cha ile ya zamani. Ikipungua hata sentimita moja, linabaki pengo nyuma ya tipu na waya unapinda hapo.

Zimebaki rola zenyewe. Rola huwa na mifereji miwili, na ukubwa wa kila mfereji umeandikwa ubavuni, kwa mfano 0.6 na 0.8. Waya mgumu wa chuma unataka mfereji wa umbo la V. Waya wenye unga ndani unataka mfereji wenye meno, kwa sababu ni kama mrija na huminywa ukibanwa sana. Sasa ndipo uguse mkandamizo. Legeza mpaka rola ziteleze, elekeza tochi kwenye kipande cha ubao mkavu kutoka sentimita tano hivi, bonyeza, na ukaze kidogo kidogo mpaka waya ugonge ubao, upinde, uendelee kuja. Ishia hapo. Kumbuka ukibonyeza tochi waya una umeme, kwa hiyo usiujaribie kwenye kiganja.

Waya unajisokota ndani ya mashine, karibu na rola, kama uzi wa cherehani ulioshikwa chini.

Hiyo ni shida ileile ya hapo juu iliyofichwa na nguvu. Kuna kizuizi mbele, fundi akakaza rola, rola zikakataa kuteleza, na waya ukatafuta pa kwenda. Kata waya pande zote mbili za fundo, toa fundo lote, usijaribu kulivuta lipite. Kisha rudi kwenye tipu na laina. Angalia pia kama mrija mdogo unaoupokea waya baada ya rola umekaa karibu nazo. Ukiwa mbali, hata waya mzuri unajikunja.

Tazama na breki ya koili. Ukiachia kitufe, koili inatakiwa isimame pale pale. Ikiendelea kuzunguka, waya unalegea na kupandana. Ukiikaza mno, mota inavuta mzigo usio wake.

Waya unaungua na kushikana na tipu kila nikianza kuchomelea.

Waya unakuja polepole kuliko volti ulizoweka, kwa hiyo moto unapanda kuufuata mpaka ndani ya tipu. Ongeza kasi ya waya, au punguza volti kidogo. Umbali kutoka tipu hadi kazi uwe milimita 10 hadi 12 kwa waya wa gesi. Ukiweka tochi karibu kama unataka kuandika nayo, utanunua tipu kila siku. Kama inatokea mara moja moja tu katikati ya mshono mzuri, waya unakwama njiani, na jibu liko kwenye swali la kwanza.

Mshono wangu una vitundu kama mkate wa kumimina. Gesi ninayo. Tatizo nini?

Hili ndilo swali la Tanga hasa, na nitalijibu kwa urefu.

Kazi ya gesi ni kufukuza hewa juu ya chuma kilichoyeyuka mpaka kigande. Hewa ikipenya, gesi zake zinanaswa ndani ya chuma kinachopoa, na ndivyo vile vitundu. Sasa fikiria tulipo. Kaskazi ikiondoka, kusi inaingia, na katikati yake upepo wa bahari unaamka karibu kila mchana. Fundi anachomelea geti nje, Raskazone au Sahare, asubuhi mshono ni safi, saa nane mchana umejaa vitundu, naye anaanza kumlaumu muuza gesi. Upepo usioweza hata kuangusha kofia unatosha kuisukuma gesi pembeni. Weka kizuizi: bati, turubai, mlango wa kazi yenyewe. Ukichomelea ndani ya karakana, geuza feni isikupulizie mezani.

Watu wengi dawa yao ni kufungulia gesi zaidi. Inafika mahali inaharibu. Kwa waya wa 0.8 ndani ya karakana lita 10 hadi 12 kwa dakika zinatosha, na 15 ukiwa mahali penye upepo kidogo. Ukifungulia 25, gesi inatoka kwa vurugu na kuvuta hewa ya pembeni kuingia nayo. Unalipa zaidi, unapata vitundu zaidi.

Baada ya upepo, kagua njia ya gesi. Nozeli ikijaa matone ya chuma, gesi inatoka upande mmoja. Ondoa matone kila baada ya muda kwa plaizi au kijiti cha chuma, usiigonge kwenye meza. Paka povu la sabuni kwenye viungo vyote, toka mtungi mpaka nyuma ya mashine, fungua mtungi, utazame mapovu. Bonyeza tochi na usikilize: kuna mlio mdogo wa "tak" wa vali ya gesi ndani ya mashine. Usipousikia, na gesi haitoki kwenye nozeli, vali hiyo ndiyo ya kushughulikia.

Halafu chuma chenyewe. MIG haina uvumilivu wa fimbo. Fimbo ina unga wake wa kusafisha, inaweza kupita juu ya kutu kidogo. Waya mtupu hauna. Rangi, kutu, grisi, na kwa wanaotengeneza vyombo vya uvuvi, chumvi na mafuta ya samaki yaliyokauka, vyote vinageuka gesi ndani ya mshono. Piga grainda mpaka chuma king'ae, upana wa vidole viwili kila upande wa maungio. Nimewahi kurudia mshono wa reli ya ngazi mara tatu nikibadilisha gesi, nozeli na tipu, kumbe ndani ya bomba kulikuwa na mafuta ya kiwandani yaliyokuwa yakitoka moshi kupitia pengo. Tangu hapo napangusa na ndani.

Geji ya mtungi wangu wa CO2 ilionyesha umejaa wiki nzima, kisha gesi ikaisha ndani ya saa moja. Nimeibiwa?

Huenda hukuibiwa. CO2 mtungini imekaa kama kimiminika, na juu yake kuna mvuke. Maadamu kimiminika kipo, mvuke unaotoka unafidiwa, na geji inabaki palepale, karibu baa 60 hadi 70 kwa joto la kwetu. Geji inaanza kushuka kimiminika kikishaisha, na wakati huo kilichobaki ni kidogo sana. Ni kama mtungi wa gesi ya kupikia: unajua kilichomo kwa kupima uzito. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa shingoni. Pima kwenye mizani, toa, utapata kilo za gesi. Kilo 1 ya CO2 inatoa takriban lita 540. Ukitumia lita 12 kwa dakika, hiyo ni dakika 45 za kubonyeza tochi. Kwa mahesabu hayo mtungi wa kilo 10 unakupa saa saba na nusu za moto, ambazo kwa kazi ya mageti ni siku nyingi.

Mchanganyiko wa agoni na CO2 ni habari nyingine. Wenyewe ni gesi tupu iliyobanwa, kwa hiyo geji inashuka taratibu kadiri unavyotumia, na nusu ya geji ni nusu ya gesi kweli.

Mtungi wa CO2 usimame wima na ufungwe mnyororo ukutani. Ukiulaza, kimiminika kinaingia kwenye regulata. Regulata ikiganda barafu wakati wa kazi ndefu, si uchawi: kimiminika kinapogeuka mvuke kinanyonya joto. Punguza mtiririko, pumzika, na kama una kazi nyingi nunua regulata yenye hita. Usiipashe kwa moto kamwe.

Naweza kuchomelea bila gesi kabisa?

Ndiyo, kwa waya wenye unga ndani uliotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa mfano ulioandikwa E71T-GS. Unga ukiungua unatoa gesi yake, na kwa kazi za nje karibu na bahari mimi naupendelea. Ila kuna jambo linalowaangusha wengi. Waya wa gesi, kama ER70S-6, unataka tochi iwe kwenye chanya na ethi kwenye hasi. Waya usio na gesi unataka kinyume: tochi kwenye hasi. Ndani ya mlango au mbele ya mashine kuna kebo fupi au vifungo viwili vya kubadilishana. Kuna dada mmoja wa Pongwe anayetengeneza majiko alitaka kuurudisha waya dukani kwa sababu ya cheche nyingi na mshono uliokaa juu kama kamba. Tulibadilisha vifungo, dakika mbili, mshono ukalala.

Waya huu uache urefu kidogo zaidi, milimita 15 hadi 20, na tochi uivute, usiisukume, ili gamba lisikimbilie mbele ya chuma. Na gamba hilo utaligonga kama la fimbo.

Waya wa kawaida wa CO2, bila gesi, si utashika tu?

Utashika siku hiyo. Mshono utakuwa na vitundu kutoka juu hadi chini na utakatika. Usifanye.

Cheche ni nyingi, mlio ni wa kupasuka-pasuka. Nitajuaje kipimo sahihi?

Kwa chuma cha kawaida anza na ampia 40 kwa kila milimita moja ya unene. Bomba la milimita 1.5 ni ampia 60, bamba la milimita 3 ni 120. Kisha tafuta volti: zidisha ampia kwa 0.05, jumlisha 14. Ampia 60 zinakupa volti 17, ampia 120 zinakupa 20. Ukitumia CO2 tupu ongeza volti moja au mbili juu ya ile ya mchanganyiko wa agoni. Hivyo ni vipimo vya kuanzia, mengine yote anakuambia sikio.

Kwenye MIG nyingi, kasi ya waya ndiyo ampia. Ukiongeza waya bila volti, waya unagonga kazi na kusukuma mkono wako nyuma, huku ukipasuka. Ukiongeza volti bila waya, mlio unakuwa wa kupuliza, matone makubwa yanadondoka, na tipu inaungua. Katikati yake kuna mlio mmoja unaoendelea, mkali, wa haraka, kama vipande vya muhogo vimeingia kwenye mafuta yaliyokwisha pata moto. Weka volti, kisha zungusha kitufe cha waya polepole huku ukichomelea kipande cha bure mpaka uupate. Andika namba ukutani kwa chaki, bomba lipi na namba ipi. Kijana atakayekuja kesho hataanza upya.

Cheche nyingi zenye kipimo sahihi? Angalia ethi, usafi wa chuma, na kama umeweka CO2 tupu. CO2 hutoa cheche zaidi ya mchanganyiko, hata mikononi mwa fundi bora, na faida yake ni bei na kuzama vizuri.

Mshono unapendeza kwa macho lakini umevunjika. Kwa nini?

Kwa sababu umekaa juu ya chuma badala ya kuingia ndani. Hapa naomba usome polepole, kwani hii ndiyo hatari ya MIG isiyosemwa sana. Fimbo isipozama, mara nyingi inaonekana mbaya na unaijua. MIG inaweza kuweka mshono laini, wa kung'aa, kama umefinyangwa, juu ya bamba la milimita 6 ambalo halijayeyuka hata kidogo chini yake. Nimeona ekseli ya guta iliyoachia hivyo njiani ikiwa na mzigo wa machungwa. Aliyekuwa akiliendesha hakuumia, na ninamshukuru Mungu kwa hilo, ila ufa ulikuwa safi kabisa: upande mmoja mshono, upande wa pili chuma bado kina alama za kiwandani.

Kwa bamba nene ongeza ampia, chonga kingo ziwe na mteremko, chomelea kwa tabaka zaidi ya moja, na moto ukae mbele ya dimbwi la chuma, usipande juu yake. Ukishuka chini kwa mshono wa wima, chuma kinakimbia mbele ya moto na kuziba. Kushuka ni kwa bati jembamba, bamba nene linapanda juu.

Na jaribu. Chukua vipande viwili vya chuma kilekile, viunge umbo la T kwa mshono wa upande mmoja tu, viache vipoe, vibane kwenye vaisi, vipige nyundo vikunjikie upande wa mshono mpaka ufunguke au ujikunje. Ukivunjika na kubanduka kama stika, kipimo chako hakifai. Mashine ya ampia 140 isipitishe kazi inayobeba watu kama jaribio hilo halijafaulu. Kwa kazi hizo hakuna aibu kurudi kwenye fimbo.

Nabonyeza tochi, kimya. Hakuna waya wala gesi.

Anza na taa ya mashine na soketi. Kisha kitufe cha tochi: kinachakaa na nyaya zake mbili nyembamba hukatika pale kebo inapopinda mara kwa mara. Zima mashine, chomoa plagi ya tochi, pima kwa mita kama njia inafunga unapobonyeza. Isipofunga, tengeneza kitufe au waya. Kama kitufe ni kizima na rola bado hazizunguki, tafuta fyuzi ndogo ya mota, halafu mota yenyewe.

Waya na gesi vinatoka, lakini hakuna moto.

Ethi. Kibanio kimeshika rangi, kutu, au springi yake imechoka. Piga grainda mahali pa kushikia, banisha kwenye kazi yenyewe na si kwenye meza iliyopakwa rangi. Shika kibanio baada ya dakika chache za kazi: kikiwa cha moto kuliko kebo, maungio yake ya ndani yamelegea, kaza bolti. Ethi mbovu nusunusu huleta moto unaozimika-zimika, na watu huubandikia jina la bodi.

Taa ya njano inawaka na mashine inakataa mpaka ipumzike.

Inajilinda na joto. Bamba la mashine lina asilimia zilizoandikwa kando ya ampia. Ampia 200 kwa asilimia 30 maana yake ni dakika 3 za moto katika kila dakika 10, dakika 7 zilizobaki ipoe. Watengenezaji wengine hupima kwa joto la nyuzi 40, wengine kwa 25, na mashine ya aina ya pili itachoka mapema ikifika Makorora mwezi wa Februari. Ikiwaka, usiizime; iache feni izunguke. Kila mwezi ichomoe ukutani, ipulizie vumbi kwa upepo mkavu usio na nguvu nyingi. Vumbi la grainda ni chuma, linapitisha umeme, likijaa kwenye bodi linaiua. Weka mashine mbali na mahali pa kusaga.

Mchana inachomelea vizuri, jioni inazimika au inalia.

Volti za ukutani zimeshuka kwa kuwa mtaa mzima umewasha vyombo. Pima kwa mita wakati mashine inafanya kazi, si ikiwa imepumzika. Lakini kabla ya kulaumu nguzo, tazama ekstensheni yako. Mashine inayovuta ampia 25 kupitia waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, urefu wa mita 30, inapoteza volti 17 njiani, kwenda na kurudi. Waya wa 2.5 unapoteza 10, wa 6 unapoteza kama 4. Ile 230 yako imekuwa 213 kabla hata jirani hajawasha pasi. Nunua kebo nene, fupi iwezekanavyo, na uikunjue yote. Iliyozungushwa kwenye gurudumu inajipika.

Plagi ya kawaida ya ampia 13 inabeba karibu wati 3,000. MIG inayotoa ampia 200 inahitaji zaidi ya mara mbili ya hapo. Mwite fundi umeme akuvutie njia yake yenyewe yenye breka na plagi zinazolingana. Kwa jenereta, mashine ya ampia 160 itulie kwenye kVA 7 hadi 8. Vijenereta vidogo vya kVA 2.5 vitaiwasha taa, vitashindwa kuilisha.

Waya wangu unaota kutu mwezi wa kwanza tu.

Hewa ya chumvi hiyo. Koili isiyotumika usiku itoe mashinini, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, iweke juu ya ardhi. Kama unafanya kazi chache, nunua koili ya kilo 5 badala ya kilo 15 hata kama kwa kilo ni ghali zaidi. Waya ukishaota kutu, kata tabaka la juu. Kutu ikiwa imeingia ndani, achana nao. Unasaga laina, unakula tipu na kuleta vitundu.

Naweza kuchomelea bomba la galvanaizi?

Ondoa zinki kwanza kwa grainda, sentimita kadhaa kila upande, uchomelee nje, upepo ukikupiga kutokea ubavuni na moshi uende mbali na uso wako. Moshi mweupe wa zinki huleta homa usiku, kutetemeka, mwili kuuma, na mtu hudhani ni malaria.

Vilevile usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini halafu ukachomelea. Mwanga wa moto wa umeme na joto huigeuza kuwa fosijini, gesi inayoua kwa kiasi kidogo. Tumia kitambaa na maji ya sabuni, kausha.

Maziwa yanasafisha moshi wa kuchomelea kifuani?

Hapana. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda kwenye mapafu. Kunywa kwa kuwa una njaa. Kinga ni hewa inayopita, na barakoa ya chujio kwa ajili ya moshi wa metali. Kitambaa puani hakichuji kitu. Watoto wanaosimama kutazama mwanga wa moto uwasogeze. Macho yao yataanza kuwasha kama yametiwa mchanga usiku, mama zao wasijue kilichotokea.

Na aluminiamu?

Inawezekana kwa agoni tupu, rola za mfereji wa U, laina ya plastiki na tochi fupi. Kwa mashine ndogo ya nyumbani ni mateso, na kwa kazi moja moja mpelekee mwenye TIG, mashine ya kuchomelea kwa sindano ya tangsteni.

Nifungue boksi mwenyewe?

Kupuliza vumbi, sawa. Kugusa bodi, hapana, kama hujafundishwa. Ndani ya inveta kuna kapasita zinazobeba zaidi ya volti 300, na zinaendelea kuzibeba baada ya kuchomoa ukutani. Subiri, kisha pima kwa mita kabla ya mkono kuingia. Kijana anayetaka kazi hii ya bodi aende akasome umeme kwanza, VETA ipo hapa hapa Tanga.

Vipuri gani niwe navyo daima?

Tipu kumi za ukubwa wa waya wako, nozeli mbili, laina moja, kile kipande kinachoshika tipu na kupitisha gesi, na washa za regulata. Washa hizo ni bei ya maji ya kunywa, na mtungi unaovuja usiku kucha kwa kukosa washa ni wa kujaza upya asubuhi.